Misuli inapogoma kuachia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miotonia ya kuzaliwa

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi tangu nilipoacha kuficha kwamba nina miotonia ya kuzaliwa. Majibu nimeyapata kwa madaktari, kwa wagonjwa wenzangu na kwa mwili wangu mwenyewe. Daktari wako akikuambia tofauti, mfuate yeye, maana amekupima na mimi sijakuona.

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa kurithi unaoshika misuli ile tunayoiamuru wenyewe: ya miguu, mikono, shingo, taya, ulimi, kope. Msuli unakaza vizuri tu, ila unachelewa kulegea. Ukikunja ngumi kwa nguvu halafu ukataka kuifungua, vidole vinabaki vimejikunja kwa sekunde kadhaa. Hakuna ganzi, na kwa wengi hakuna maumivu makali, kuna ugumu.

Kasoro iko kwenye jeni iitwayo CLCN1, ambayo kazi yake ni kutengeneza vinjia vya kupitisha kloraidi (sehemu mojawapo ya chumvi) kwenye utando wa seli za misuli. Msuli hukaza kwa umeme mdogo unaoamshwa na mshipa wa fahamu, na kloraidi ndiyo inayoutuliza umeme huo. Vinjia vikiwa vibovu au vichache, msuli unaendelea kujipiga umeme wenyewe wakati amri imeshakwisha. Swichi imezimwa, taa bado inawaka. Ubongo ni mzima. Mishipa ya fahamu ni mizima. Akili ni timamu, ingawa kuna walimu ambao hawaamini.

Ziko aina mbili. Ya Thomsen huonekana mapema sana utotoni. Ya Becker, iliyopewa jina la Peter Emil Becker wa Ujerumani, kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 4 na 12, mara nyingi miguuni kwanza, na huwa kali zaidi. Duniani kote wanaougua wanakadiriwa kuwa kama mtu 1 kwa kila 100,000, lakini kaskazini mwa Finland na Norway wako wengi zaidi, karibu 1 kwa kila 10,000.

Mbona hatua za kwanza unakwama, halafu unatembea kama sisi?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa, mengine yote yanafuata.

Ugonjwa huu uko kwenye mwanzo wa mwendo. Nikikaa kwa muda kisha nikainuka ghafla, mapaja yanakaza yote mawili, magoti hayakunjiki, na ninasimama palepale huku wenzangu wamefika mlangoni. Hatua ya kwanza ni ngumu, ya pili inaburuzika, ya tano ina nafuu, ya kumi huwezi kunijua. Kila nikirudia tendo lilelile, misuli inapata moto na kulegea upesi zaidi. Nikipumzika, hesabu inaanza upya.

Moto huo hauhami kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Nikitembea kutoka Kariakoo hadi Posta miguu inakuwa laini kabisa, lakini kiganja nilichobebea mfuko kinahitaji mazoezi yake chenyewe. Na kibaya zaidi ni mwendo wa ghafla na wa nguvu baada ya mapumziko mafupi kufuatia kazi nzito. Mtu amecheza mpira nusu saa, akaketi chini dakika kumi, kisha anaitwa arudi uwanjani: hapo ndipo atakapoanguka.

Ndiyo maana aliyetuona tukicheza ngoma usiku kucha hatuelewi tunaposhindwa kuinuka mkekani asubuhi.

Siku ya kawaida inakuwaje?

Inaanzia kitandani. Sikurupuki. Nakunja magoti polepole, nazungusha vifundo vya miguu, nafumba na kufumbua viganja, ndipo nateremka. Mtu akigonga mlango kwa kishindo nikashtuka, mwili mzima unakaza.

Daladala inahitaji mipango. Nikiweza nasimama nikishika bomba huku nikihamisha uzito mguu huu na ule. Abiria wananiachia kiti kwa huruma. Nashukuru, nakataa, na wananiona wa ajabu. Nikilazimika kukaa, naanza kukaza na kulegeza mapaja kituo kimoja kabla ya changu, na konda namwambia mapema: "Kaka, unishushe taratibu, miguu yangu mizito." Makonda wengi wana utu ukiwaambia kabla. Ukisema wakati gari limeshaanza kuondoka, utasikia maneno.

Kuvuka barabara ndiko kunakonitisha kuliko yote. Ukisimama pembeni dakika tatu ukisubiri magari yapungue, miguu imeshapoa. Kwa hiyo usiondoke kwa kasi: kanyaga papo hapo kwanza, kushoto kulia, kushoto kulia, hata watu wakikucheka, ndipo uingie barabarani. Na bodaboda akikupigia honi ukiwa katikati, usijaribu kukimbia. Endelea kwa mwendo uleule. Mshtuko pamoja na kukimbia ghafla ndivyo vinavyotulaza chini.

Salamu za mkono zina vichekesho vyake. Nampa mtu mkono, tumemaliza, mkono wake bado ninao. Bahati nzuri sisi tuna salamu ndefu: habari za nyumbani, wazee hawajambo, watoto je, shamba je. Tukifika kwenye shamba vidole vimeachia na hakuna aliyegundua.

Jikoni, kutwanga kwenyewe si tabu, maana ni tendo la kurudia. Tabu ni kuuweka mchi chini. Hapo kuna hatari moja isiyozungumzwa: chombo cha moto. Mtu mwingine akiungua anaachia. Sisi tunashindwa kuachia. Usiinue sufuria kwa kitambaa chembamba ukijiambia utaitupa ikizidi moto; tafuta kishikio kinene, au mwombe mwenzako aipue.

Msikitini, kuinuka kutoka kwenye tahiyatu kwenda rakaa ya tatu kunanikuta nyuma ya imamu kila mara. Asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kuswali ameketi, na kutumia kiti si aibu. Rafiki yangu Mkristo ananiambia mambo ni hayohayo wimbo unapoanza na kanisa zima linasimama kwa pamoja. Chooni, hasa cha kuchuchumaa, fundi akupigilie bomba ukutani la kujishikia. Ni gharama ndogo kuliko zote kwenye ukurasa huu, na inaondoa mahangaiko ya kila siku.

Kuna na madogo: ukipiga chafya kwa nguvu, kope zinakataa kufunguka kwa muda, tonge za kwanza za nyama ngumu zinakaza taya, neno la kwanza baada ya kunyamaza sana linaweza kutoka zito.

Mtoto wangu anaanguka kama gogo, lakini hapotezi fahamu. Si kifafa?

Kama anasikia kila kitu, anakuona, na akinyanyuka anaweza kukusimulia kilichotokea tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo si sura ya kifafa cha kuangusha. Mwenye miotonia akishtuka au akijikwaa hukaza mwili mzima na kushindwa kutanguliza mikono, ndiyo maana wengi wetu tuna makovu kidevuni na kwenye paji la uso.

Watoto wengine hupewa dawa za kifafa kwa makosa, na wanapata nafuu! Mzazi anaona basi imethibitika. Haijathibitika. Karbamazepini na fenitoini hutuliza umeme wa misuli pia, kwa hiyo nafuu hiyo haikuambii ugonjwa ni upi. Ila usimkatishe mtoto dawa kwa sababu ya haya unayoyasoma. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu atazame upya.

Wanasema kakumbwa na jini.

Wamesema hivyo kwangu pia. Dua haina madhara na kisomo kinatuliza moyo. Ninachokataa ni mtoto kupigwa, kuchanjwa, kufungwa kamba au kunyweshwa vitu ili "atoke huyo mtu".

Na wanaosema ni uvivu tu?

Hawa ni wa kale kama ugonjwa wenyewe. Aliyeuandika kwa kirefu mara ya kwanza alikuwa daktari Julius Thomsen, aliyeishi Kappeln, mji wa Schleswig kwenye mpaka wa Wadenmaki na Wajerumani. Yeye mwenyewe alikuwa nao, na ukoo wake ulikuwa nao kwa vizazi kadhaa, lakini alikaa kimya miaka mingi. Kilichomfanya aandike mwaka 1876, akiwa ameshavuka miaka 60, ni mwanawe kutuhumiwa kwamba anajifanya mgonjwa ili akwepe jeshi. Baba akatoa siri ya ukoo mzima ili kumtetea mwana.

Kwa mwalimu wa mchakamchaka napendekeza mzazi aende na barua ya daktari, na aombe jambo moja tu linaloeleweka: mtoto apewe dakika mbili za kujinyoosha kabla ya kukimbia, na asichapwe kwa kuchelewa kusimama mwalimu anapoingia darasani. Kumwondoa kabisa kwenye michezo si msaada, mwendo unamfaa.

Mbona ana misuli mikubwa kama mbeba vyuma, na bado hana nguvu?

Misuli inayokaza mara kwa mara hujenga mwili, hasa mapaja na mashavu ya miguu. Makocha wakimwona kijana wa namna hii humchukua wakitegemea makubwa, kisha wanamweka benchi awe mchezaji wa akiba, mahali pabaya kuliko pote kwa ugonjwa huu.

Kuhusu nguvu: wenye aina ya Becker hupatwa na udhaifu wa muda mfupi wanapoanza tendo baada ya kupumzika. Unashika kikombe, mkono unalegea kwa sekunde chache au zaidi kidogo, kisha nguvu inarudi. Kwa baadhi yao hubaki udhaifu wa kudumu kiasi fulani.

Baridi inazidisha?

Wengi wetu tunasema ndiyo. Mwezi wa saba Njombe au Limuru si rafiki, na ofisi yenye kiyoyozi ni Njombe ndogo. Soksi, koti na maji ya uvuguvugu vinasaidia.

Lakini kama baridi inakukaza vibaya mno usoni na mikononi, na kama kurudia mwendo kunakuzidishia ugumu badala ya kuupunguza, mwambie daktari jambo hilo waziwazi. Huenda una ndugu wa ugonjwa huu, paramiotonia, unaotokana na jeni nyingine, SCN4A, ya vinjia vya sodiamu. Dawa zinafanana kiasi, ila ushauri wa mazoezi ni tofauti.

Nitajuaje kwamba si kitu kingine?

Wewe peke yako hutajua, na hapa kuna mambo ya kuogopa kweli. Taya zikikaza ndani ya siku chache kwa mtu aliyekuwa mzima, hasa mwenye kidonda au mtoto mchanga, hiyo inaweza kuwa pepopunda: hospitali sasa hivi, usimalize kusoma. Upande mmoja wa mwili ukigoma ghafla, fikiria kiharusi, na haraka ni ileile.

Ugumu unaoingia pole pole uzeeni pamoja na mtetemeko wa mkono uliotulia unaelekea kuwa Parkinson. Mgongo na miguu inayokaza kwa mtu mzima, na kukazana ghafla kwa kelele au hofu, kunaweza kuwa ule ugonjwa ambao mwimbaji Céline Dion alitangaza Desemba 2022 kuwa anao, uitwao kwa Kiingereza stiff person syndrome. Huo unahusu kinga ya mwili, na mara nyingi kipimo cha damu huonyesha kingamwili zinazoshambulia kimeng'enya kiitwacho GAD. Kwa wenyeji wa Arusha na maeneo ya mlima Meru, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, mgongo usiokunjika unaweza kuwa tatizo la mifupa na misuli haina kosa.

Ila ninaloomba daktari alihakikishe kuliko yote ni distrofi ya miotonia. Nayo hugandisha vidole kwenye salamu, lakini huleta pia udhaifu unaoongezeka, usingizi wa mchana, mtoto wa jicho kabla ya uzee na hitilafu za mapigo ya moyo. Ni nadra kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, lakini nadra si kusema haipo. Miotonia ya kuzaliwa haigusi moyo wala haifupishi maisha. Distrofi inaweza kufanya yote mawili.

Kipimo ni kipi?

Daktari huanza kwa mikono yake: anakuambia ukunje ngumi na kuifungua, anagonga msuli wa shina la kidole gumba kwa kinyundo aone kama unabaki umejikunja. Kisha kuna elektromayografia, sindano nyembamba ndani ya msuli inayosoma umeme na kuutoa kama sauti. Msuli wa miotonia hulia kwa mvumo unaopanda na kushuka, na daktari aliyewahi kuusikia hausahau. Mwisho ni kipimo cha jeni kutoka kwenye damu. Anza hospitali za rufaa zenye daktari wa mishipa ya fahamu, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Kenyatta ya Nairobi, na piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi kabla hujalipa nauli.

Nikioa, watoto wataupata?

Inategemea aina. Ya Thomsen inatosha kurithiwa kwa mzazi mmoja: kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu. Ya Becker inahitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, na wabebaji kwa kawaida hawaumwi, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua.

Hapo ndipo suala la kuoana mabinamu linapoingia, iwe Lamu, Unguja au Muscat. Mabinamu wana babu na bibi wamoja, kwa hiyo uwezekano wa kubeba kasoro ileile ni mkubwa kuliko kwa watu baki. Sisemi ndoa hizo zivunjwe. Nasema ukoo ukishakuwa na mtu mmoja mwenye ugonjwa huu, wazee waulizane vizuri kabla ya posa.

Ujauzito je?

Kwa wanawake wengi ugumu huongezeka wakati wa mimba, kisha hupungua baada ya kujifungua. Mwambie mkunga mapema, hasa kwa sababu ya swali linalofuata.

Nahitaji upasuaji. Kuna hatari?

Ipo, na hili liandikwe kwenye karatasi inayokaa ndani ya pochi yako. Katika nusukaputi hutumika dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu. Kwa wenye miotonia dawa hiyo inaweza kufanya kinyume: taya na kifua vikakaza kiasi cha kumfanya mtaalamu wa usingizi ashindwe kupitisha mpira wa hewa. Njia nyingine zipo na ni salama zaidi, mradi ajue kabla. Mwambie pia chumba kisiwe na baridi kali, na blanketi liwe karibu.

Usimwachie nesi wa mapokezi ujumbe huu. Zungumza na yule atakayekulaza usingizi, uso kwa uso.

Dawa ipo?

Ya kuponya hakuna. Ya kulegeza ipo: meksiletini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mapigo ya moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 59 wa miotonia za aina kadhaa ulionyesha kwamba inapunguza ugumu, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukaiidhinisha rasmi kwa kazi hiyo. Moyo lazima upimwe kabla ya kuanza, na tumbo husumbua. Si dawa utakayoikuta kila duka. Ndiyo maana madaktari wengine huandika lamotrijini, karbamazepini au fenitoini, ambazo ni dawa za kifafa na hupatikana kwa urahisi zaidi.

Zamani kwinini ilitumika, na bado wapo wazee wanaojua kwamba iliwasaidia. Usijaribu mwenyewe, kwinini ya mfululizo inaharibu masikio na mapigo ya moyo. Kwa upande mwingine, dawa za kolesteroli za jamii ya statini na baadhi ya dawa za pumu zinaweza kuzidisha ugumu. Mwenye pumu asitupe bomba lake. Amweleze daktari tu.

Kusema kweli wengi wetu tunaishi bila dawa yoyote. Tumejifunza kujipasha moto, basi.

Naweza kuendesha gari?

Wapo wanaoendesha. Jipime kwa ukweli mguu wako unavyohama kutoka pedali moja kwenda nyingine baada ya kukaa kwenye foleni. Bodaboda sikushauri: breki iko mkononi, na mkono ndio huohuo.

Nimeona video za mbuzi wanaoanguka wakishtuliwa. Ni jambo lilelile?

Ndiyo. Ni mbuzi wa Tennessee, Marekani, waliojulikana huko tangu miaka ya 1880, na hawazimii ingawa jina lao linasema hivyo. Macho yako wazi, wanakujua uliyewashtua. Katika misuli yao ndimo wanasayansi wa miaka ya 1960 walipogundua kwamba tatizo ni kloraidi. Kwa hiyo tuna deni kwa mbuzi hao, na wanaowapigia kelele ili warekodi video wananikera.

Nina miadi na daktari wiki ijayo. Nijiandae vipi?

Tatizo letu ni kwamba tunafika kliniki tukiwa tumeshapata moto. Umetembea kutoka kituoni, umepanda ngazi, umezungushwa dirisha la malipo na la faili, kisha unaingia kwa daktari ukitembea kama mwanajeshi, naye anaandika kwamba hajaona kitu. Kwa hiyo fika mapema, keti kwenye benchi bila kutikisika kwa dakika kumi na tano, na ukiitwa mwombe daktari au nesi asimame mlangoni akutazame unavyoinuka. Nenda na video ya simu aliyokupiga mtu wa nyumbani asubuhi ukitoka kitandani, bila kuigiza. Andika majina ya ndugu wote, hai na waliotangulia, waliokuwa "wazito wa miguu" au waliokuwa wakianguka bila sababu, na uhusiano wa damu kati ya baba na mama yako. Kama unatumia dawa yoyote, hata ya dukani, beba boksi lake.